Golbanti, Kijiji cha Mto Tana, na Nyumba Zake za Ibada

Mto Tana ndio mrefu kupita mito yote ya Kenya. Chanzo chake ni katika milima ya Nyandarua na katika Mlima Kenya, na huko juu watu huuita Sagana. Kutoka huko huteremka mpaka nchi kavu ya mashariki, ukapita Garissa, na Hola, na Garsen, hata mwisho ukaingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini, baada ya mwendo wa kilomita 1,000 hivi. Ukikaribia bahari, mto huu hupoteza haraka yake. Hujipinda huku na huku, ukagawanyika, ukaacha maziwa na vinamasi pande zote mbili. Nchi hiyo ni tambarare ya udongo wa mfinyanzi, na msafiri aweza kutembea kutwa asione jiwe hata la kumtupia kunguru.

Chini ya Garsen, katika nchi hiyo ya udongo na maji, ndipo kilipo kijiji cha Golbanti. Si mji mkubwa, wala hakina soko la sifa, na wengi wapitao katika barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu hawajui kwamba wamekipita kwa karibu. Hata hivyo, mtu atakaye kujua jinsi dini zilivyofika katika nchi ya Tana, na jinsi zilivyowagusa watu wake, hana budi kuanza hapo.

WENYE MTO NA WENYE MALISHO

Watu wa nchi hiyo ni wa namna mbili. Wapokomo ndio wakulima. Hukaa juu ya kingo za mto zilizoinuka kidogo, na mashamba yao ni yale yanayofunikwa na maji ya gharika na kuachiwa tope jipya lenye rutuba. Hulima mpunga, mahindi na ndizi, huvua samaki, na kwao mtumbwi ni kama miguu. Waorma ndio wafugaji. Ng'ombe wao huenda mbali kutafuta majani wakati wa mvua, na kiangazi kikizidi hurudi mtoni, kwa kuwa hapana maji mahali pengine. Zamani Wazungu na watu wa pwani waliwaita Wagalla, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Lugha yao ni tawi la Kioromo, lugha ya Ethiopia.

Njia za kupitisha mifugo kwenda mtoni Waorma huziita malka. Neno hili yafaa msomaji alishike, kwa maana habari nyingi za nchi ya Tana, za amani na za vita, zimo ndani yake.

Kabla ya kanisa na kabla ya msikiti watu hao walikuwa na ibada zao. Waorma walimwomba Waaqa, Mungu wa mbinguni, hawakumjengea nyumba. Na jambo hilo ni rahisi kufahamika: mtu ambaye nyumba yake hubebwa juu ya mgongo wa mnyama atamjengeaje Mungu nyumba isiyohama? Wapokomo, kwa upande wao, walikuwa na baraza la wazee, na heshima ya baraza hilo iliungana na ngoma kubwa iitwayo ngadji. Ngoma hiyo ilifichwa msituni, na watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuiona. Walisikia sauti yake tu, nayo ilikuwa sauti ya kutisha, kwa kuwa haikupigwa kwa fimbo kama ngoma nyingine, bali ilisuguliwa mpaka ikanguruma. Sauti hiyo iliposikika, kila mtu alijua kwamba wazee wana neno.

KRAPF NA WALIOMFUATA

Habari ya Golbanti yaanzia mbali na Tana. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, alikuwa Ethiopia kuanzia mwaka 1837, na huko alishikwa na wazo moja ambalo halikumtoka tena: kwamba Wagalla ni taifa kubwa, na wakiipokea Injili, wataipeleka kote Afrika. Njia ya Ethiopia ilipofungwa, alizunguka kwa bahari akafika Mombasa mwaka 1844, akitumaini kuwafikia kutoka kusini. Katika mwaka huo huo alimzika Mombasa mke wake, Rosine, na mtoto wao mchanga.

Mwaka 1851 Krapf aliuona mto Tana, lakini kwa upande wa juu, alipokuwa akisafiri katika Ukambani pamoja na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba. Safari hiyo iliharibika. Walishambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akarudi Rabai peke yake, mwenye njaa na kiu. Baadaye alirudi Ulaya, afya yake imevunjika. Lakini hakuliacha wazo lake. Aliwashawishi Wamethodisti wa Uingereza watume watu, na mwaka 1862 kituo chao cha kwanza kilianzishwa Ribe, nyuma ya Mombasa. Mmoja wa watu hao alikuwa Thomas Wakefield. Wa pili, Charles New, alimfuata mwaka 1863.

Ribe haikuwa nchi ya Wagalla, ila ilihesabiwa kuwa ngazi ya kuwaendea. Ngazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20 kupandwa. New alikufa mwaka 1875. Rebecca, mke wa Wakefield, alikufa Ribe mwaka 1873. Na wakati huo wote Wagalla wenyewe walikuwa wakipungua nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1860 walipigwa na Wasomali upande mmoja na Wamasai upande wa pili, wakapoteza watu, ng'ombe na nchi. Taifa kubwa lililokuwa katika mawazo ya Krapf lilikuwa sasa ni watu waliosongwa karibu na mto.

MWAKA WA KUJENGA NA MWAKA WA MAOMBOLEZO

Mwaka 1885 Wakefield alifanikiwa kufungua kituo Golbanti. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu Waorma walikuwa wakikaa karibu, na mto ulikuwa njia ya kuleta watu na vyombo kutoka pwani. Walioletwa kukitunza kituo hicho walikuwa mtu na mkewe, John na Annie Houghton, kutoka Uingereza.

Hawakukaa sana. Mapema mwezi wa Mei 1886 kikosi cha Wamasai kilifika Golbanti. Katika miaka hiyo Wamasai walizoea kusafiri mbali kutwaa ng'ombe, na penye Waorma hapakosi ng'ombe. Houghton na mkewe waliuawa, pamoja na watu wengine wa misheni. Walizikwa Golbanti. Hivyo kituo kilichofunguliwa mwaka mmoja kikawa na makaburi mwaka wa pili, na wengi walidhani habari yake imekwisha.

Haikwisha. Misheni haikufungwa. Miongoni mwa watu waliokitumikia kituo hicho katika miaka hiyo ya kwanza alikuwamo Mwafrika, mchungaji William During, aliyetoka Sierra Leone, upande wa pili wa bara la Afrika. Jambo hilo lastahili kukumbukwa, kwa kuwa wako wadhanio kwamba Injili ililetwa Kenya na Wazungu peke yao. Mtu huyo mweusi alivuka bahari kama wao, akaishi katika homa ile ile ya mto, na katika kijiji ambacho makaburi yake yalikuwa bado mapya.

MAJIRANI WA NGAO

Wakati huo Wajerumani nao walikuwa wamefika. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya mapatano na Sultani wa Witu, na nchi ya Witu ikawekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Nyuma ya bendera wakaja wamisionari. Mwaka 1887 watu wa misheni ya Neukirchen walianza kazi Ngao, kijiji cha Wapokomo kilicho jirani na Golbanti. Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza nchi ya Witu kwa mapatano ya Ulaya, lakini wamisionari wa Ngao hawakuondoka.

Mwenye sifa zaidi kati yao ni Ferdinand Würtz. Yeye alikaa chini na wenyeji akajifunza Kipokomo, akakusanya maneno yake na kuandika sarufi yake. Injili zikaanza kutolewa kwa Kipokomo mwishoni mwa karne ya 19, na Agano Jipya lote mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo lugha hiyo haikuwa na kitabu. Mkulima wa Tana alipofundishwa kusoma, alisoma maneno ambayo mama yake angeyafahamu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Krapf hakulitazamia. Misheni ya Golbanti ilipandwa kwa ajili ya Waorma, lakini waliovuna ni Wapokomo. Waorma wachache walibatizwa, na wengi waliendelea na njia yao. Sababu haikuwa ugumu wa moyo, kama baadhi ya watu walivyosema. Mfugaji hufuata majani, na kanisa halihami. Shule humtaka mtoto kila siku, na ndama humtaka kila siku vilevile. Tena, karibu na mwaka 1890, sotoka iliua ng'ombe kote Afrika Mashariki, na mfugaji aliyefilisika alikuwa na kazi moja tu, kutafuta ng'ombe wengine. Mpokomo yeye alikuwa papo hapo mtoni mwaka mzima. Alikuwa amechoka kutozwa mali na wenye nguvu na kuwindwa na wafanyaji biashara ya watumwa. Aliona katika misheni mahali pa kukimbilia, na katika kusoma aliona silaha isiyoweza kunyang'anywa.

Vita viwili vya dunia viliikatiza kazi ya Wajerumani, kwa kuwa serikali ya Kiingereza iliwahesabu kuwa adui. Baada ya vita vya pili makanisa yao ya Tana yalipokewa na Wamethodisti. Hivyo Ngao na Golbanti, majirani walioanzishwa na mataifa mawili, wakawa watu wa kanisa moja, na mwaka 1967 kanisa hilo likawa lenye kujitawala, chini ya viongozi Wakenya.

UDONGO, NYASI NA GHARIKA

Mgeni akienda nchi ya Tana kutafuta kanisa la mawe lenye mnara, kama yale ya Ulaya, atakuwa amekosea mahali. Nyumba za asili za Wapokomo zilikuwa za mviringo, zilizoezekwa nyasi kutoka kilele mpaka chini. Nyumba za miti na udongo zikafuata, na mabati baadaye sana. Mchwa hula miti, maji hula udongo, na mto wenyewe hula ardhi iliyo chini ya nyumba, kwa maana Tana haukai katika mkondo mmoja. Huacha njia yake ya zamani na kukata nyingine, na kijiji kilichokuwa kando ya maji chaweza kujikuta mbali nayo.

Gharika huja kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, ya masika na ya vuli. Gharika ya kiasi ni baraka, kwa kuwa ndiyo inayotia mbolea shambani. Lakini iko miaka ambayo mto haujui kiasi. Mwaka 1961 maji yalikuwa makubwa mno. Miaka ya 1997 na 1998 yalikuja tena, katika mvua zile zilizoitwa El Nino, na tena mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024. Tangu 1968 mabwawa yamejengwa katika sehemu ya juu ya mto kwa ajili ya umeme, na kubwa kuliko yote, la Masinga, lilimalizika mwaka 1981. Mabwawa hayo yamepunguza gharika za kawaida, hata mkulima wa mpunga akalalamika kwamba maji aliyoyatazamia hayakuja. Lakini gharika kubwa hayakuzizuia.

Kwa sababu hiyo, nyumba ya ibada katika kingo za Tana haihesabiwi kwa umri wa kuta zake. Huhesabiwa kwa mara ambazo watu wameijenga tena. Maji yakipungua, watu hurudi, hutoa tope, hukata miti mipya, hukandika. Kila kizazi kina sehemu yake katika jengo hilo, na hakuna awezaye kusema, "Hili ni kanisa la babu yangu peke yake."

NGOMA ILIYOKWENDA LONDON

Liko jambo jingine ambalo wazee wa Kipokomo hawalisahau. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa serikali ya kikoloni waliichukua ile ngoma ya ngadji. Tangu mwaka 1908 imekuwa mali ya British Museum, huko London, ikakaa ghalani miaka mingi pasipo Mpokomo hata mmoja kuiona. Walioichukua labda walidhani wamechukua kipande cha gogo na ngozi. Kwa kweli waliuchukua muhuri wa baraza la wazee. Baraza lililonyang'anywa sauti yake lilidhoofika, na mahali pake pakaingia machifu wa serikali na walimu wa misheni.

Wapokomo wameomba irudishwe. Na si lazima mwombaji awe mtu asiye Mkristo. Mtu aweza kusali kanisani Jumapili na bado akataka kitu cha baba zake kirudi nyumbani, kama vile mtu aliyehamia nyumba mpya asivyotaka kaburi la babu yake lipotee. Taifa lote la Kenya limekwisha kukopa kwa Wapokomo kitu kisichoshikika kwa mkono: tuni ya Wimbo wa Taifa, iliyochaguliwa mwaka 1963, ilitoka katika wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto, uliotolewa na Meza Moroa Galana. Watoto wa shule kutoka Turkana mpaka Kwale huimba sauti ya akina mama wa Tana, na wengi hawajui.

MSIKITI, KANISA NA MALKA

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Waorma waliingia katika Uislamu, na vivyo hivyo Wapokomo wengi wa sehemu ya juu ya mto. Wapokomo wa sehemu ya chini, huko Ngao na Golbanti na vijiji vya karibu, wengi wao ni Wakristo. Uislamu ulimfaa mfugaji, kwa kuwa sala yataka maji na mahali safi, navyo vyapatikana hata njiani. Misikiti ikajengwa katika vituo vya biashara na katika vijiji vya Waorma waliokaa mahali pamoja.

Basi yule Mworma ambaye Krapf alisafiri bara na bahari kumtafuta yuko bado pale pale, ni jirani wa kanisa lililojengwa kwa ajili yake, naye ana msikiti wake. Ujirani huo si mwepesi siku zote. Kuanzia Agosti 2012 mpaka mwanzo wa 2013 Wapokomo na Waorma wa nchi ya chini ya Tana walipigana, na zaidi ya watu 100 wakauawa, wanawake na watoto wakiwamo. Vijiji vya pande zote mbili vilichomwa moto. Vita hivyo havikuanza kwa ajili ya dini. Vilianza kwa ajili ya shamba na malisho: ng'ombe walioingia katika mazao, na malka zilizofungwa kwa kulimwa. Lakini damu ikikwisha kumwagika, kila mtu hutafuta wa kwake, na mwenye dini nyingine huonekana adui zaidi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Tana wanaijua methali hiyo kwa mikono yao wenyewe, kwa maana wamejenga kuta nyingi. Shamba halina budi kulindwa, na malka haina budi kuachwa wazi. Hakuna ofisa awezaye kuyatimiza hayo kutoka Nairobi, wala kutoka Hola, ikiwa wazee wa pande mbili hawakai pamoja kabla ya kiangazi, wakapatana njia ipite wapi. Na wanaosikilizwa zaidi na vijana, siku ya Ijumaa na siku ya Jumapili, ni wale wanaosimama mbele katika nyumba za ibada.

Golbanti ilianza kwa wageni waliokufa kwa ajili ya ugomvi wa ng'ombe usiokuwa wao. Makaburi ya watu hao yastahili kutunzwa. Yastahili vilevile kuandikwa majina ya wenyeji: waliokata miti ya kanisa la kwanza, waliofundisha kusoma chini ya mwembe, waliopiga kasia usiku kuwaokoa majirani wakati wa gharika, wawe Wapokomo au Waorma. Majina ya Wazungu yamo katika vitabu vya Ulaya. Majina hayo mengine yamo katika vichwa vya wazee, na kila mwaka wazee hupungua. Mwalimu mwenye daftari na kalamu, akiwa na subira ya kusikiliza, aweza kuyahifadhi kabla ya gharika nyingine.